Mtoto Ambaye Hakupigwa Picha

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu methali hii husikika penye mirathi na mabaraza, haki ya mtu inapopotea kwa sababu hakuwapo kuidai. Ipo hata hivyo namna nyingine ya kutokuwapo, isiyozungumzwa sana, nayo ni kutokuwapo katika picha. Nyumba nyingi za Afrika zina ukuta wa picha sebuleni. Mgeni akaribishwapo, kabla chai haijaletwa, huinua macho akawajua wenyeji wake: huyu ndiye babu, huyu ni binti aliyeolewa, huyu ni mtoto alipobatizwa. Asiyeonekana ukutani hapo haulizwi habari zake.

Mwaka 1962, katika mji wa Kumba nchini Kamerun, alizaliwa mtoto wa kiume wa wazazi Waigbo kutoka Nigeria, akaitwa Samuel Fosso. Ilikuwa desturi ya watu wake kwamba mtoto atimizapo miezi mitatu hupelekwa studio akapigwa picha ya kutundikwa nyumbani. Mtoto huyu hakupelekwa. Alizaliwa akiwa amepooza viungo, na baba yake, kama Fosso mwenyewe alivyokuja kusimulia ukubwani, hakuona sababu ya kupoteza fedha kwa picha ya mtoto wa namna hiyo. Basi ukuta ukabaki bila yeye.

Kisa hiki ni kidogo, na huenda katika maisha ya mtu mwingine kingesahaulika. Lakini Fosso alikuja kuwa mmojawapo wa wapigapicha mashuhuri kabisa wa bara la Afrika, na takriban kazi yake yote ni picha za mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe, akiwa amejivika sura za wengine. Humo yumo chifu, mwanamke tajiri, baharia mnyang'anyi, mganga, mwanasiasa na hata papa. Mtazamaji asiyejua habari za ule ukuta anaweza kudhani kuwa huyu ni mtu aliyejaa majivuno. Anayezijua huona jambo jingine: mtu anayedai, picha baada ya picha, kuwapo alikonyimwa.

Mama yake ndiye aliyekataa kukata tamaa. Alimchukua akampeleka Nigeria kwa babu yake, aliyekuwa mganga wa jadi, akatibiwa huko hadi viungo vikapata nguvu. Mtoto hajatulia vizuri katika afya yake mpya, vita vya Biafra vikazuka. Vilipiganwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, na Waigbo waliangamia kwa risasi na kwa njaa. Katika miaka hiyo Fosso alifiwa na mama yake, akabaki mikononi mwa babu na bibi. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka kumi, alichukuliwa na ndugu wa ukoo wake, fundi wa viatu, wakaenda kuishi Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Kazi ya viatu haikumkaa moyoni. Alijifunza upigaji picha kwa miezi michache tu, akiwa mwanagenzi wa mpigapicha mmoja Mnigeria, na mwaka 1975 akafungua studio yake. Alikuwa na umri wa miaka 13. Mchana aliwapiga wateja picha za vitambulisho na za ukumbusho. Jioni, wateja walipokwisha kwenda zao, mara nyingi filamu ilikuwa bado na nafasi chache. Mteja alitaka picha yake kesho, hivyo filamu haikuweza kungoja ijae. Fosso akajisimamisha mbele ya kamera yake mwenyewe na kuzimaliza nafasi hizo. Baadhi ya picha alizituma Nigeria kwa bibi yake, ili ajue kwamba mjukuu wake yu hai na mzima.

Hapo ndipo chimbuko la sanaa yake. Haikuanzia chuoni wala katika nadharia. Ilianza kama barua ya mtoto yatima kwa bibi yake, barua isiyo na maneno. Lakini tayari ndani ya barua hiyo kulikuwa na uigizaji. Katika picha za miaka hiyo, kijana amevaa suruali iliyobana mapajani na kupanuka miguuni, viatu vya soli nene na miwani mikubwa meusi. Nyuma yake ni pazia, pembeni ni taa za studio. Kielelezo chake kilikuwa Prince Nico Mbarga, yule mwanamuziki ambaye wimbo wake Sweet Mother wa mwaka 1976 ulipigwa hata katika mabasi ya Kenya. Mavazi ya aina hiyo hayakupendwa na utawala wa nchi, na kuyavaa barabarani kulikuwa kujitafutia balaa. Ndani ya studio, mlango ukishafungwa, kijana alikuwa mtu amtakaye.

Yafaa kusita kidogo katika mji huo wa Bangui, kwa kuwa kulikuwa na mwigizaji mwingine. Tarehe 4 Disemba 1977, Jean-Bédel Bokassa, aliyetwaa madaraka kwa nguvu za kijeshi mnamo usiku wa kuamkia mwaka 1966, alijitawaza kuwa kaizari. Sherehe yake iliiga ile ya Napoleon iliyofanyika Paris mwaka 1804. Palikuwa na joho refu, taji la almasi, gari la kukokotwa na farasi, na kiti cha enzi chenye umbo la tai mkubwa aliyekunjua mabawa. Gharama zake zilikadiriwa kufikia dola milioni 20, katika nchi iliyokuwa miongoni mwa zilizo maskini zaidi duniani. Wapigapicha wa ulimwengu walikuja, wakapiga, wakaondoka. Mnamo Septemba 1979 kaizari alipinduliwa.

Katika mji mmoja, basi, na katika miaka ile ile, watu wawili walivaa maleba na kusimama mbele ya kamera. Mmoja alikuwa na hazina ya taifa, mwingine alikuwa na mabaki ya filamu. Tofauti yao kubwa, hata hivyo, si mali. Bokassa aliigiza na kuwalazimisha watu waamini kwamba haigizi. Fosso aliigiza bila kuficha kwamba anaigiza. Pazia limeonekana, taa zimeonekana, na uso ni ule ule kutoka picha moja hadi nyingine. Hapa ndipo lilipo jibu la swali ambalo huulizwa kila zinapotajwa picha za kuigizwa: je, picha hizo si uongo? Uongo ni kuigiza na kukana. Sanaa ni kuigiza na kukiri.

Swali hilo ni la kale kama upigaji picha wenyewe. Mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard, aliyekuwa amebuni njia yake ya kupata picha, aliona heshima na fedha za serikali zikimwendea Louis Daguerre peke yake. Akajipiga picha akiwa kifua wazi, amefumba macho, ameegemea kama maiti iliyotolewa majini, na nyuma ya picha akaandika kwamba mvumbuzi huyu masikini amejizamisha kwa kukata tamaa. "Maiti" hiyo iliishi miaka 47 baadaye. Kwa hiyo miongoni mwa picha za mwanzo kabisa duniani imo picha ya kuigizwa, na kilichoigizwa ni malalamiko ya mtu aliyedhulumiwa. Hakuna aliyekufa, lakini dhuluma aliyoisema ilikuwa ya kweli.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, alitanguliza maelezo ya kumtahadharisha msomaji kuwa Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, na asichukuliwe kuwa ndiye yule yule wa historia. Kukiri huko hakukuidhoofisha tamthilia. Kulimpa mtunzi uhuru wa kuuliza maswali ambayo hati za Wajerumani hazikuweza kuyauliza: kiongozi afanye nini neno alilolitoa linapomponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye? Anayekubali kwamba jukwaa laweza kusema kweli kuhusu Vita vya Maji Maji hana budi kukubali kwamba studio nayo yaweza.

Ifikapo mwaka 1994, Fosso alikuwa bado mpigapicha wa mtaani asiyejulikana nje ya Bangui. Mwaka huo maonyesho ya kwanza ya upigaji picha wa Afrika yalifanyika Bamako, Mali, na zile picha za ujanani zikatoka katika masanduku. Miaka mitatu baadaye, duka kubwa la Tati la Paris lilimwalika yeye pamoja na wakongwe wa Mali, Seydou Keïta na Malick Sidibé, kutengeneza picha za kuadhimisha sherehe zake. Fosso akapata kwa mara ya kwanza rangi, maleba ya kila aina na wasaidizi.

Picha iliyovuma zaidi katika mfululizo huo inamwonyesha chifu aliyeuza Afrika kwa wakoloni. Chifu ameketi kwenye kiti, kifua wazi, mabegani ngozi ya chui, shingoni mikufu iliyolundikana, machoni miwani yenye fremu nyeupe, miguuni viatu vyekundu. Mkononi, mahali pa fimbo ya utawala, ameshika maua ya alizeti. Kila kitu kimezidi kipimo. Mtazamaji hucheka kwanza, kisha kicheko kikamkwama. Ngozi ya chui inamrudisha kwa machifu wa kale, lakini inamkumbusha pia Mobutu na kofia yake, aliyeng'olewa madarakani mwaka huo huo wa 1997. Miwani ni ya leo. Je, uuzaji wenyewe umekwisha? Hii ni kejeli ya kiwango ambacho mhakiki wa tamthilia angekitambua mara moja, na uzito wake unatokana na jambo moja: aliyevaa ngozi hiyo ni Mwafrika mwenyewe. Hakumtafuta mtu mwingine wa kumdhihaki. Amejiweka mwenyewe kizimbani.

Baada ya kicheko yakafuata majonzi. Mwaka 1997 rafiki yake aliuawa mjini Bangui na watu wenye silaha. Mwaka 2000 Fosso aliuigiza usiku wa namna hiyo katika mfululizo alioupa jina la kumbukumbu ya rafiki: mwanamume yu peke yake chumbani, karibu uchi, amejaa hofu. Hapana kamera yoyote iliyokuwapo siku ya mauaji yale. Mwaka 2003 akamrudia babu yake. Mzee huyo alitamani mjukuu arithi uganga na uongozi wake, na mjukuu akawa mtu wa kamera. Katika picha za ndoto ya babu, Fosso anavaa na kujichora kama mganga, anatimiza kwa siku chache ule urithi aliouacha. Hapa mila na visasili vya Waigbo havikuletwa kuwa pambo la kuwafurahisha wageni. Ni deni linalolipwa kwa mtu aliyemfanya asimame kwa miguu yake.

Kilele cha safari hii ni mfululizo wa mwaka 2008 uitwao African Spirits. Ndani ya picha 14 za rangi nyeusi na nyeupe, Fosso anavaa sura za watu waliopigania utu wa mtu mweusi: Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Haile Selassie, Léopold Senghor, Nelson Mandela, Malcolm X, Angela Davis na wengineo. Hakubuni mikao yao. Alirudia picha mashuhuri zilizokwishapigwa, kivuli kwa kivuli, mkunjo kwa mkunjo.

Mbili kati yake zatosha kuonyesha namna kazi hii inavyofanya kazi. Ya kwanza ni ya Martin Luther King. Fosso hakuchagua picha ya mhubiri akihutubia umati. Alichagua ile iliyopigwa na polisi wa Montgomery mwaka 1956, wakati wa mgomo wa mabasi, King akiwa na kibao cha namba 7089 kifuani. Ilikuwa picha ya kumfanya mtu kuwa mhalifu. Polisi waliipiga wakidhani wanamtia aibu, na historia ikaigeuza kuwa nishani. Fosso alipoivaa namba hiyo miaka 52 baadaye, alithibitisha kwamba aliyeshika kamera si lazima awe na neno la mwisho.

Ya pili ni ya Muhammad Ali. Ali amesimama kwa kaptura yake ya ndondi, mikono nyuma, mwili umechomwa mishale. Asili yake ni jalada la jarida la Esquire la Aprili 1968, lililobuniwa na George Lois na kupigwa na Carl Fischer, baada ya Ali kunyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam. Jalada hilo nalo lilifuata mchoro wa Mtaliano Francesco Botticini, wa karne ya 15, unaomwonyesha Mtakatifu Sebastian aliyechomwa mishale kwa ajili ya imani yake. Kwa hiyo shahidi wa Kikristo anavaliwa na mwanandondi Mwislamu wa Marekani, naye anavaliwa na Mwigbo wa Bangui. Wanafunzi wa fasihi huuita uhusiano wa aina hii mwingilianomatini, na mara nyingi hulitumia neno hilo kwa vitabu tu. Hapa matini ni ngozi ya mtu.

Pana pingamizi lisiloweza kupuuzwa. Ni nani aliyempa msanii idhini ya kuvaa mateso ya mwingine? Lumumba aliuawa kweli mnamo Januari 1961. Fosso alivua miwani ile akaenda kula chakula cha jioni. Isitoshe, picha hizi hutazamwa zaidi katika makumbusho ya Ulaya na Marekani kuliko Bangui au Kisangani, na wanaozinunua ni matajiri. Pingamizi hili lina nguvu, na asiyelihisi hajazitazama picha hizo vizuri. Kinacholipunguza makali ni kwamba Fosso hachukui mateso hayo kama mgeni. Mtoto wa Biafra aliyefiwa na mama, kijana wa Bangui aliyefiwa na rafiki, anajua anachokivaa. Na kwa kuwa uso wake haufichiki chini ya vipodozi, mtazamaji hasemi "huyu ni Lumumba." Husema "huyu ni mtu anayemkumbuka Lumumba." Hayo mawili hayalingani.

Jambo hili linawahusu Wakenya kwa karibu. Picha ya Dedan Kimathi inayojulikana kuliko zote ilipigwa na waliomteka mnamo Oktoba 1956: amelala majeruhi, mikono imefungwa pingu. Wakoloni walikusudia Kimathi akumbukwe akiwa chini. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walimsimamisha jukwaani katika tamthilia yao ya mwaka 1976, na tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi, ikiwa imesimama, bunduki mkononi. Sanamu na tamthilia ni kazi za kubuni. Picha ya pingu ni "halisi." Lakini ni ipi kati ya hizo isemayo kweli zaidi juu ya mtu huyo? Hata ile ya pingu ilipangwa: kuna aliyeamua Kimathi apigwe picha, na saa gani, na akiwa katika hali gani.

Ndiyo maana mbegu hii imeota hata Kenya. Katika mfululizo wake Magadi wa mwaka 2017, mpigapicha Osborne Macharia alibuni kundi la wanawake waliokuwa ngariba, wakauacha ukeketaji na kuwafunza wasichana ufundi wa mavazi. Kundi hilo halipo. Ukeketaji upo, licha ya sheria ya mwaka 2011 inayoupiga marufuku. Kabla yake, katika miaka ya 1990, kando ya kivuko cha Likoni, wapigapicha wa mitaani walijenga vibanda vyenye mandhari yaliyochorwa, na abiria waliokuwa wakingojea feri walipigwa wakiwa katika ulimwengu ambao mshahara wao haukuufikia. Wahakiki wa Kiswahili wamechambua maandishi ya khanga na ya magari. Picha hizi bado zinawangoja.

Zisingoje sana, kwani picha nazo hufa. Mapema mwaka 2014, machafuko yalipoikumba Bangui, nyumba ya Fosso iliporwa wakati yeye hayupo. Wanahabari wa kigeni waliopita mtaani hapo walikuta negativu na picha zimetupwa nje, zimetapakaa ardhini. Waporaji walitafuta vitu vya thamani. Hizo hawakuziona kuwa kitu. Wale wanahabari wakainama wakaanza kuokota, na maelfu ya negativu yakaokolewa. Mwaka 2023 mwenyewe alitunukiwa mjini London tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa hiyo.

Kwa mara ya pili, basi, mtu alipima picha za Samuel Fosso akaona hazina thamani: kwanza baba, kisha waporaji. Mara zote mbili alitokea mwingine aliyekataa. Mama alimwinua mtoto, wapita njia wakaokota negativu. Na katikati ya hao wawili alikuwapo bibi kizee huko Nigeria, aliyeipokea bahasha kutoka Bangui, akaifungua, akamkuta mjukuu wake amevaa viatu vya soli nene na miwani meusi. Mavazi yalikuwa ya kuigiza. Mjukuu alikuwa hai.